Wachezaji wawili, kompyuta moja: uzoefu wangu wa mashine pepe zenye kadi mbili za michoro

Kompyuta ninayoieleza hapa hutumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mimi na mdogo wangu, kila mmoja akiwa na skrini, kibodi, kipanya na Windows yake, ilhali ndani ya kasha kuna ubao mama mmoja na kichakataji kimoja tu. Yeye anaweza kuwa katikati ya mbio za magari huku mimi nikijenga miji, na mmoja wetu akiwasha upya Windows yake, mwenzake hata hatambui. Kazi hiyo hufanywa na mashine pepe mbili, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, zinazoendeshwa juu ya Linux, mfumo mkuu wa kompyuta hiyo, kwa programu za KVM na QEMU, kila moja ikiwa imekabidhiwa kadi ya michoro iliyo yake peke yake. Mpangilio huu unafanya kazi vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini sababu inayotajwa mara nyingi ya kuujenga, yaani kuokoa fedha, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Ni kweli kwamba unanunua kasha moja, pawa saplai moja na ubao mama mmoja. Hata hivyo, kadi za michoro zinabaki mbili, RAM inabaki ya watu wawili, na kichakataji chenye viini (cores) 12 pamoja na ubao wenye nafasi mbili nzuri za kadi huwa ghali kiasi cha kumeza sehemu kubwa ya ulichokiokoa. Sisi tulitaka kupunguza vifaa chumbani na kuwa na mashine moja ya kutunza. Anayehesabu fedha peke yake, ninamshauri anunue kompyuta mbili za kawaida.

Jambo linaloamua kila kitu ni kitu ambacho wauzaji hawakiandiki kwenye boksi, nacho ni makundi ya IOMMU. IOMMU, ambayo Intel huiita VT-d na AMD huiita AMD-Vi, ni sehemu ya maunzi inayodhibiti ni eneo gani la kumbukumbu ambalo kila kifaa kinaruhusiwa kulifikia, na kwa sababu hiyo ndiyo inayowezesha kadi halisi kukabidhiwa kwa mashine pepe bila kuhatarisha mfumo mzima. Linux hupanga vifaa katika makundi kulingana na vile vinavyoweza kutenganishwa, na kundi lote hulazimika kwenda kwa mashine pepe moja. Katika mbao nyingi za bei nafuu, nafasi ya pili ya kadi hupitia kwenye chipseti, yaani chipu saidizi ya ubao, hivyo kadi hiyo hujikuta katika kundi moja na kadi ya mtandao, vidhibiti vya diski na vinginevyo. Kuna kiraka cha kerneli, yaani moyo wa Linux, kinachoyavunja makundi hayo kwa nguvu, lakini kinachofanya ni kudai kuwa vifaa vimetengana wakati maunzi yenyewe hayatoi dhamana hiyo. Mimi sikukitumia. Nilitafuta ubao wenye chipseti ya X570 unaogawa njia 16 za PCIe za kichakataji, yaani njia zinazopitisha data kati yake na kadi, kuwa nane kwa nane, kila nafasi ikiwa na kundi lake. Njia nane za PCIe 4.0 hupitisha data sawa na njia 16 za PCIe 3.0, kwa hiyo kadi za kiwango cha kati kama zetu hazipungukiwi na chochote cha kuonekana.

Upande wa programu umekuwa mwepesi sana kuliko zamani. KVM imo ndani ya kerneli ya Linux tangu mwaka 2007, na VFIO, ambayo ndiyo inayokabidhi vifaa, iliingia mwaka 2012. Kikwazo kilichosumbua watu kwa miaka mingi kilikuwa draiva za kadi za GeForce, ambazo zilikuwa zikikataa kufanya kazi ndani ya mashine pepe na kuonyesha hitilafu nambari 43, hadi NVIDIA ilipoondoa zuio hilo mwaka 2021. Kwa baadhi ya kadi za zamani za AMD tatizo lilikuwa jingine: kadi haikuweza kurudi katika hali yake ya mwanzo baada ya mashine pepe kuzimwa, na dawa ikawa kuwasha upya kompyuta nzima. Anayenunua kadi iliyotumika achunguze jambo hilo kwanza, maana katika kompyuta ya watu wawili kuwasha upya kila kitu ni kumkatiza mwenzako.

Kichakataji chetu ni Ryzen 9 5900X, na umbo lake linaifaa kazi hii kana kwamba lilichorwa kwa ajili yake. Viini vyake 12 vimegawanyika katika vipande viwili vya viini sita, kila kipande kikiwa na akiba yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi) ya MB 32. Nilimpa kila mchezaji viini vitano vya kipande kimoja, nikaiachia Linux kiini kimoja kutoka kila upande. Kufunga viini namna hii ndiko kulikoleta tofauti kubwa kuliko marekebisho mengine yote. Linux ikiachwa ihamishehamishe kazi itakavyo, wastani wa fremu kwa sekunde huonekana mzuri lakini mchezo hukwamakwama kwa namna inayoudhi, na mkwamo huo hauonekani katika wastani. Viini vikishafungwa, na kumbukumbu ikitengwa mapema kwa kurasa kubwa (vipande vikubwa vya RAM), gemu hutiririka. Mdogo wangu, ambaye hana subira na maelezo ya kiufundi, anasema tu kwamba hahisi tofauti na kompyuta ya kawaida, na ushuhuda huo nauthamini kuliko vipimo vyangu.

Kuhusu diski, mfumo wa Windows wa kila mmoja umo katika faili la diski ambalo ninaweza kulinakili kabla ya mabadiliko makubwa, ila gemu za kila mmoja zinakaa kwenye NVMe (diski ya kasi) yake iliyokabidhiwa moja kwa moja kwa mashine pepe yake. Vifaa vya USB nisingependekeza kuvipitisha kimoja kimoja, kwa sababu kifaa kikichomolewa na kurudishwa mara nyingi hakirudi kwenye mashine pepe yake. Ni afadhali kukabidhi kidhibiti kizima cha USB kwa kila mchezaji, hata kama itabidi kununua kadi ya ziada. Sauti hupita kwenye vipokea sauti vya USB, na jambo hilo likaishia hapo.

Joto nalo halifichiki. Kadi mbili zikikaa moja juu ya nyingine, ya juu huvuta hewa iliyokwisha kupashwa na ya chini, na mwenye kadi ya juu husikia feni mapema zaidi. Tumeipunguzia kadi hiyo kikomo cha umeme kidogo, nayo imetulia.

Hasara isiyo na dawa ni gemu za ushindani. Vanguard, programu ya Riot Games ya kuzuia udanganyifu, haikubali mashine pepe, kwa hiyo Valorant haichezeki hapa, na League of Legends ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2024. Wapo wanaojaribu kuificha mashine pepe ili ionekane kompyuta halisi. Siwashauri wengine wafanye hivyo, kwani akaunti ikifungiwa hakuna wa kumlalamikia. Kumbuka pia kwamba kila mashine pepe huhitaji leseni yake ya Windows, na kwamba Steam, duka la gemu la mtandaoni, hata ndani ya kundi la familia, haiwaruhusu watu wawili kucheza nakala moja ya gemu kwa wakati mmoja.

Kwa mwenye kadi moja tu, Hyper-V, programu ya Microsoft ya mashine pepe, huweza kuigawa kadi hiyo kati ya Windows ya mwenyeji na mashine pepe. Niliijaribu kabla ya kununua kadi ya pili. Picha ya mchezaji wa pili hulazimika kutiririshwa kwa programu kama Parsec, na kumbukumbu ya kadi hugombaniwa, kwa hiyo inafaa kwa gemu nyepesi.

Sasisho za Linux yenyewe huzifanya pale tu tunapokuwa tumezima mashine zote mbili. Sasisho za BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, nazihofia zaidi, kwa kuwa huweza kurudisha mipangilio ya mwanzo na kuizima IOMMU, au hata kubadilisha makundi yaliyokuwa yametengana vizuri. Ndiyo maana orodha ya makundi yetu na picha za kila ukurasa wa mipangilio nimezihifadhi kwenye simu, na ubao ukifanya kazi vizuri siusasishi bila sababu ya usalama.