Nilichangia nauli ya wagonjwa, sikuchangia picha zao

Kikundi hiki cha kujitolea cha saratani hapa Tanga nimekichangia tangu walipoanza kuuza fulana za matembezi ya hisani. Nimewavutia na wengine: majirani, wanawake wa kikoba chetu, hata fundi wangu wa cherehani. Kwa hiyo mtu asiyasome haya kama maneno ya adui. Jina lao silitaji. Wao wenyewe watajijua.

Mama yangu mdogo wa Makorora alikutwa na saratani ya shingo ya kizazi. Kutoka hospitali ya Bombo hapa Tanga akaandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akapigwe mionzi. Aliyeuguza mgonjwa wa mionzi anajua shida haiko kwenye mashine peke yake. Unaingia dakika chache tu, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, na saa zote zilizobaki lazima uwe na pa kulala na cha kula. Kutoka Tanga ni karibu kilomita 350 kwa njia ya Segera na Chalinze, huwezi kwenda na kurudi. Nauli, chumba, uji, bajaji ya alfajiri, hivyo ndivyo vinavyowarudisha watu nyumbani tiba ikiwa nusu. Kikundi kinasema kipo kwa ajili ya hayo hayo. Tukaenda.

Ofisi yao ni chumba kimoja cha kuazima huko Ngamiani. Kijana aliyetupokea alikuwa ameshika simu, macho kwenye kioo. Hakutoa shikamoo. Tanga hii! Mwanamke wa umri wa bibi yake anaingia huku anashika ukuta asianguke, na neno la kwanza analoambiwa ni "Jina na ugonjwa." Watu wamejaa kwenye benchi. Mama mdogo akanitazama. Nikachukua kikaratasi nikaandika, nikampa. Akakisoma kwa sauti.

Hilo ningelimeza. Ujana, haraka, basi. Fomu ikajazwa, barua ya rufaa ikatolewa nakala, saini ikawekwa, bahasha ya nauli ikaletwa mezani. Mama mdogo anyoosha mkono, kijana akairudisha nyuma kidogo. "Subiri mama. Shika hivi, juu ya kifua. Ushungi usogeze uso uonekane. Tazama huku."

Mama mdogo akamwambia taratibu, "Mwanangu, picha sitaki. Sitaki wanangu wanione kwenye simu za watu."

"Bila picha hatutoi. Wafadhili wanataka kuona."

Nikamwambia mimi ni mfadhili, nimechangia mwaka hadi mwaka, na sijawahi kuomba kuonyeshwa uso wa mgonjwa. Akasema, "Huo ndio utaratibu, dada," akaitia bahasha kwenye droo.

Nimelitafakari jambo hili sana na kila nikilirudia damu inachemka. Saratani hii inakaa mahali ambapo mwanamke wa kwetu hapataji hata kwa dada yake. Inatoa damu, inatoa harufu, na mama mdogo alikuwa akijifungia ndani siku za mwanzo kwa sababu hiyo tu. Majirani waliambiwa ni presha. Sasa umuweke mtandaoni, uso wazi, na jina la ugonjwa chini yake, katika mji ambao kila mtu ana shangazi Makorora? Kama ni hesabu za wafadhili, kulikuwa na nakala ya rufaa, namba ya faili, saini, na tiketi ya basi ingeletwa. Uso wa mtu si risiti.

Tukatoka bila kitu. Siku ile ningeandika, ningewapa nyota moja na kuwaambia watu wote wasitoe hata shilingi.

Lakini tulipokuwa tunapanda bajaji mweka hazina wao akatukimbilia, mwanamke wa makamo, anahema. Akampa mama mdogo mikono miwili, shikamoo, akaiweka bahasha kwenye mkoba wa mgonjwa na kusema, "Mama nenda katibiwe kwanza, haya ya picha nitayasema mimi ndani." Na akafanya zaidi. Stendi ya Magufuli kule Mbezi mama mdogo alimkuta mwenzao anamsubiri, akampeleka nyumbani kwake, akamlaza chumba kimoja na binti zake kwa muda wote wa mionzi. Hawamlipi mtu yule. Alimpikia uji wa mchele alipokuwa hawezi kumeza kitu kingine, na siku za dripu ya kemo, yaani dawa za saratani, akakaa naye hadi jioni. Niwaiteje watu kama hawa wabaya? Siwezi. Nikaanza kupanga maneno ya sifa, nyota zote tano.

Fulana zao zimeandikwa utafiti na huduma, na yote mawili nayaamini. Utafiti ndio uliotuonyesha kwamba saratani hii huletwa na kirusi cha HPV, na ndio uliotupa chanjo ambayo tangu 2018 wasichana wanachanjwa nchi nzima. Binti yangu amechanjwa shuleni. Mama mdogo alipokuwa msichana haikuwapo. Kwa hiyo sina nia ya kuona kikundi hiki kinakufa.

Halafu binamu yangu aliyeko Arusha akanitumia picha. Ni mama mdogo, ameinama anaweka saini, ubavu wa uso unaonekana wazi. Alipigwa bila kujua. Chini wameandika ugonjwa wake, mtaa wake, na "asante wafadhili wetu". Tayari alikuwa amemkatalia kijana yule kwa mdomo wake!

Niliwapigia. Picha ikafutwa kesho yake, watu wakiwa wameshaisambaza. Na kijana, badala ya kuomba radhi: "Dada imeshafutwa, mbona unakuza mambo?" Mweka hazina alilia kwenye simu, ila viongozi wengine kimya hadi leo. Siwatetei tena.

Mama mdogo amerudi, anatembea hadi sokoni, na ananiambia niache, keshasamehe. Mimi bado. Mgonjwa akiniuliza leo aende wapi, nitampeleka kwao, kwa mweka hazina moja kwa moja, na nitasimama mlangoni simu zote ziwekwe mezani. Mchango wangu nitaendelea kuutoa mkononi mwa mama yule. Fulana yao sivai tena mpaka kijana afike Makorora, amwamkie mama mdogo, na amwombe radhi mbele ya watoto wake.