Etha ya kupuliza: inaamsha mashine ya nyasi iliyolala baridi nzima, lakini haiitibu

Mashine ya kukata nyasi ikigoma baada ya kulala miezi mitano au sita, watu wengi hukimbilia kopo la etha, dawa ya kupuliza inayoshika moto upesi ili injini iwake. Kwa kuamsha injini, kopo hilo linafanya kazi yake vizuri kabisa. Kwa kutengeneza kilichoharibika halifanyi chochote, na hapo ndipo mtu anapomaliza makopo mawili huku akilaumu dawa.

Ndani ya kopo mna etha, heptani (kimiminika chepesi kinachowaka), gesi ya kusukuma na, katika makopo mazuri, kilainishi kidogo cha silinda. Tafuta hicho kilainishi kwenye lebo kabla ya kulipa. Etha hujiwasha yenyewe kwenye joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, wakati petroli huhitaji zaidi ya 240, tena hugeuka mvuke hata kukiwa na baridi kali. Petroli iliyolala tangini ni kinyume chake: sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, ndizo hutoroka kwanza, na mwezi mmoja tu unatosha kuanza kuiharibu. Inayobaki inanuka kama vanishi na haitoi mvuke wa kutosha kwenye silinda baridi.

Kwa hiyo kabla ya kupuliza, mwaga petroli ya zamani kwenye chombo na utie mpya. Angalia kimo cha oili. Toa filta ya hewa. Ikiwa ya karatasi na imeloa oili, badilisha, haioshwi. Kisha puliza sekunde moja, isizidi mbili, kwenye mdomo wa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, weka kopo mbali, rudisha filta, ndipo uvute kamba. Filta irudi kwa sababu injini inaweza kutema moto kupitia kabureta. Usipulize huku mwenzako anavuta, na usipulize kwenye injini ya moto.

Thamani ya kopo hili iko kwenye majibu linayotoa. Injini ikiwaka sekunde mbili tatu kisha ikafa, umeshajua kwamba cheche ipo na mgandamizo ndani ya silinda unatosha: petroli haifiki. Isipokohoa hata kidogo, acha kabureta, shughulika na plagi. Ifungue, isugue au weka mpya, na upime mwanya kati ya ncha zake. Kwa Honda GCV160, kwa mfano, ni plagi ya NGK BPR6ES na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi mpya nayo isipotoa cheche, kagua waya wa kuzimia injini na kebo ya mpini wa usalama, ule unaozima injini ukiachiwa. Panya hupenda kulala humo. Ikikohoa na kurudisha kamba kwa nguvu mkononi, shuku pini ya flaiwili, ile inayoshikilia gurudumu zito la injini mahali pake. Hukatika kisu kinapogonga jiwe, na cheche ikaanza kupiga nje ya wakati wake.

Jibu la kawaida ni lile la kwanza, kuwaka na kufa. Kupuliza tena na tena hapo ni kuharibu mali. Etha huosha oili kwenye kuta za silinda na ringi za pistoni zinasuguana kavu. Ikizidi, huwaka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni. Kwa injini za mipigo miwili hatukubali kabisa itumike: hizo hupata ulainisho kutoka kwenye petroli iliyochanganywa na oili, na etha huingia bila oili hiyo.

Kinachohitajika ni kopo la pili, la kusafishia kabureta, na nusu saa ya kazi. Chomoa waya wa plagi kwanza. Funga bomba la petroli, fungua boliti iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chombo. Kwenye baadhi ya kabureta boliti hiyo ndiyo jeti yenyewe, yaani kipande chenye tundu dogo la kupimia petroli: ina tundu ubavuni, na tundu hilo ndilo limeziba. Petroli yenye ethanoli hufyonza unyevu, maji yakajitenga na kutuama chini ya bakuli, kwa hiyo ukiona matone yanayotembea chini ya petroli, au unga mweupe, usishangae. Toa floti (boya la bakuli), sindano yake na oringi (pete za mpira) kabla ya kupuliza, maana dawa hiyo hula mpira na baadhi ya plastiki. Pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba kwenye jeti. Usitumie kichokonoo cha chuma, tundu likipanuka mchanganyiko hautakaa sawa tena. Puliza kila njia mpaka uone dawa ikitokea upande wa pili. Injini ikiwaka halafu ikawa inapanda na kushuka mlio, njia ndogo ya petroli ndani ya kabureta bado ina utando: rudia hiyo, usianze kuchezea springi za gavana, kidhibiti cha kasi ya injini.

Ukilazimika kuilaza mashine, iegemeze upande ambao kabureta na filta vinabaki juu. Ukikosea, oili hujaa kwenye filta na utakuwa umejiongezea tatizo.

Je, kopo la etha linunuliwe? Kwa anayehudumia mashine nyingi, ndiyo, linaokoa muda wa kubahatisha. Mwenye mashine moja anaweza kupata majibu yaleyale kwa kijiko kimoja cha chai cha petroli mpya kwenye tundu la plagi, plagi irudishwe, kamba ivutwe. Ni polepole kidogo lakini ni salama zaidi kwa silinda. Pesa iliyobaki inunue dawa ya kutunza petroli, itiwe wakati petroli bado ni mpya, kisha injini iendeshwe dakika 10 ili ifike ndani ya kabureta. Ukiitia kwenye petroli iliyokwisha kuharibika haiifufui.

Kopo lenyewe lisiachwe juani au ndani ya gari lililofungwa. Likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka.