Hadubini ya laki mbili na nusu: kwa somo la seli, nusu ya namba zake hazina kazi

Niseme mapema: ukinunua hadubini ya mwanafunzi kwa sababu boksi limeandikwa "mara 2000", umenunua boksi. Yangu nimeichukua Kariakoo kwa shilingi laki mbili na nusu, pamoja na slaidi tupu, vifuniko vyake na slaidi chache zilizokwisha kutengenezwa. Nafundisha Baiolojia masomo ya ziada hapa Morogoro, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na nilichotaka ni watoto waone seli iliyo hai, maana mchoro wa seli wanaujua hadi wanauota. Kwa hilo imenilipa. Kwa mengine, soma kwanza ndipo utoe hela.

Umbo ni lile la kawaida: mkono wa chuma, jukwaa lenye vibanio viwili, taa chini, lenzi nne za kuzungusha (4, 10, 40 na 100) na lenzi mbili za kuchungulia, ya 10 na ya 20. Ukuzaji ni kuzidisha tu, 10 kwa 40 unapata 400. Muuzaji anaifikia 2000 kwa kuzidisha 20 kwa 100. Hesabu yake ni sahihi, ila picha haiongezi chochote. Mwanga wenyewe una kikomo: hata hadubini nzuri ya kawaida ya maabara ya chuo kikuu haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi (mikromita elfu moja ni milimita moja). Ukizidi hapo unakuza ukungu. Tena lenzi ya 100 inadai tone la mafuta maalumu kati yake na kifuniko cha slaidi, na mafuta hayo hayakuwemo kwenye boksi. Mimi nahesabu kwamba nimenunua hadubini ya mara 40, 100 na 400, basi.

Na kwa seli, hizo zinatosha na kubaki.

Kitu cha kwanza ninachowafanyisha wanafunzi ni kuweka rula ya plastiki inayoonyesha ng'ambo chini ya lenzi ya 4 na kusoma upana wa duara wanaloliona. Kwetu ilisoma milimita nne na nusu. Ukihamia lenzi ya 10, duara linakuwa milimita 1.8. Sasa weka ngozi ya kitunguu, hesabu seli zilizopangana kwa urefu toka ukingo hadi ukingo. Zikiwa sita, kila moja ina urefu wa milimita 0.3. Mtoto aliyekuwa anakariri kwamba "seli ni ndogo sana" amepima seli kwa rula ya shilingi mia tano, na kuanzia hapo hasahau.

Kwa kiini cha seli, tone la aidini ya famasi linatosha. Kila seli inaonyesha ukuta wake mnyoofu na doa moja la rangi ya kahawia, mara nyingi limesukumwa pembeni kwa sababu vakuoli, yaani mfuko wa majimaji ndani ya seli, imejaa katikati. Seli za ndani ya shavu ni kazi zaidi. Hazina ukuta, hazina rangi, na taa ya hadubini hii ni kali mno kwake, zinapotea kabisa. Dawa iko chini ya jukwaa: kisahani chenye matundu ya ukubwa tofauti. Zungusha hadi tundu dogo, mwanga upungue, na seli zinajitokeza zenyewe, hata kabla ya kuweka bluu ya methilini. Wengi wanaolalamika kwamba hadubini zao za bei nafuu hazionyeshi kitu hawajawahi kukigusa hicho kisahani.

Hayo yote ni utangulizi. Sababu hasa ya kuandika ni kitunguu chekundu na chumvi.

Osmosisi, yaani maji kupenya utando mwembamba wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, tumeifundisha miaka yote kwa kiazi mviringo. Unakata vipande, kimoja kwenye maji, kingine kwenye maji ya chumvi, unasubiri, unabonyeza: kimoja kigumu, kingine kimelegea. Jaribio zuri, mtihani unalipenda, lakini mwanafunzi anaona matokeo tu. Mahali penyewe tendo linapofanyika hapaoni. Hadubini inampeleka hapo, na bahati yetu ni kwamba kitunguu kilichojaa masokoni kwetu ni chekundu. Rangi ile ya zambarau imo ndani ya vakuoli za seli za ngozi ya nje ya kila tabaka nene, kwa hiyo huhitaji kupaka chochote. Chagua upande wa mgongo wa tabaka, wenye rangi. Ngozi ya upande wa ndani haina rangi, nayo ndiyo ya jaribio la aidini.

Chora mraba mdogo kwa ncha ya wembe, juu juu tu, kisha vuta kona kwa kibano. Ikitoka nyembamba kama karatasi ya sigara, umepata safu moja ya seli. Weka kwenye tone la maji, funika, tazama kwa mara 100. Utaona matofali ya zambarau yaliyojaa hadi ukutani. Korogea kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu kikombe cha maji, dondosha tone kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, na ukingo wa pili gusisha kipande cha tishu kivute maji. Usitoe jicho.

"Madam, rangi inakimbia!" Ndivyo alivyopiga kelele binti mmoja wa Kidato cha Pili, na sijapata maelezo bora kuliko hayo. Zambarau inajitenga na kona za seli kwanza, kisha pande, inajikunja katikati huku inazidi kukolea. Ukuta unabaki palepale. Pengo linalofunguka kati ya ukuta na rangi limejaa maji ya chumvi, kwa kuwa ukuta wa seli haumzuii mtu. Kinachozuia ni utando wa seli, ulio ndani ya ukuta, na ule unaozunguka vakuoli: maji yametoka, rangi imebaki. Rudisha maji safi kwa njia ileile ya tishu, na seli nyingi zinajaa tena. Chache hazirudi, zimekufa, na hizo nazo ni somo.

Ili wasidhani ukuta ndio unaoshika rangi, chukua kipande kingine cha ngozi hiyo, kitumbukize kwenye maji yanayochemka, kisha kitazame. Rangi inavuja. Ukidondosha chumvi hakuna kinachojikunja. Joto limeharibu utando, na utando uliokufa hauchagui nini kipite. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza kwa nini kitunguu cha kachumbari tunakifikicha kwa chumvi kinatoa maji. Walinieleza wao.

Swali linalokuja kila mara ni hili: utando wenyewe uko wapi? Jibu la kweli ni kwamba hawauoni, wala hawatauona kwa hadubini hii. Unene wake ni nanomita 7 hadi 10, na kikomo cha mwanga nilichokitaja, ile mikromita 0.2, ni nanomita 200. Ule mstari unaoonekana ni mpaka wa rangi. Wala hilo si la kuonea aibu, maana watu waliujua utando kwa kazi yake kabla ya kuupiga picha. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta eneo lake ni kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakasema basi, mafuta yamepangwa safu mbili. (Vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili yaliyofutana, na jibu likatoka sahihi. Wanafunzi wangu wanaipenda sana sehemu hiyo.) Na maji yale yaliyotoka kwenye kitunguu hayapenyi kwenye mafuta peke yake, yana pia milango yake ya protini, akwaporini, iliyompa Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003.

Nirudi kwenye bidhaa. Gurudumu kubwa la kupandisha na kushusha jukwaa linalegea: ukiliachia, jukwaa linashuka lenyewe taratibu, picha inapotea. Kuna skrubu ya kukaza pembeni, nimeikaza, imepungua ila haijaisha. Gurudumu dogo ni la plastiki, linazunguka na mchezo kidogo kabla ya kushika. Slaidi zilizokuja nazo ni za hovyo, mguu wa nzi na bawa la nyuki, hazimfundishi mtu seli. Vifuniko vya plastiki vinajikunja vikikauka, nunua vya kioo kwenye duka la vifaa vya maabara. Taa inatumia betri au waya wa chaja ya simu, na umeme ukikatika unaendelea na betri, hapo nawapongeza. Picha za simu zinatoka vizuri ukiegemeza kamera kwenye lenzi ya kuchungulia na kumwambia mtu mwingine ashike. Na kwa walioko Dar, Tanga au Zanzibar: unyevu wa pwani unaotesha ukungu kwenye lenzi, ihifadhini kwenye kopo lenye vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kwa shule yenye darasa la watoto themanini, moja haitoshi. Bora mbili za namna hii kuliko moja ya bei mara mbili, kwa kuwa seli inayojikunja haisubiri foleni. Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja mdadisi, moja inatosha.

Ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa mguu wa nzi kwa lenzi ya 4, hapo kila hadubini inapendeza. Nenda na kitunguu na wembe kwenye mfuko. Weka picha sawa kwa lenzi ya 10, zungusha hadi 40: kitu kibaki karibu na katikati na kiwe wazi kwa kusogeza gurudumu dogo tu. Kisha toa mikono, hesabu hadi thelathini, tazama tena. Kama picha imeshuka, omba ya boksi jingine kabla hujalipa.