Uzoefu wangu: wachoraji waliotupambia ukuta wa mkahawa wa Kigujarati, Mombasa

Mimi na mshirika wangu tunaendesha mkahawa mdogo wa vyakula vya Kigujarati, visivyo na nyama, katika nyumba ya mawe ya matumbawe huko Mji wa Kale, Mombasa. Mwezi wa Januari tuliwapa kazi wachoraji wawili, vijana walioanzia kwenye kupamba matatu, watuchoree ukuta wa ndani wenye urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2.5. Tulipatana shilingi 90,000, nusu ikitangulia, na rangi ikiwa juu yao. Ninaandika baada ya miezi 5 kwa sababu picha ya ukutani haihukumiwi siku ile rangi inapokauka.

Rasimu yao ya kwanza ilinivunja moyo. Walituletea Taj Mahal, tembo aliyevikwa mapambo na sahani ya kuku wa tanduri, yaani India ile ya kwenye kalenda. Taj Mahal iko Agra, mbali kabisa na Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na kuku haingii jikoni mwetu hata siku moja. Mshirika wangu, ambaye nyanya yake alipanda jahazi Mandvi, bandari ya Kutch huko Gujarat, akaja pwani hii na pepo za kaskazi, hakuwagombeza. Aliwaambia, "Wanangu, ingieni jikoni kwanza, mle, kisha mchore mlichokiona." Walishinda jikoni siku 2, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Katikati ya picha sasa pamekaa masala dabba, lile kopo la duara lenye vibakuli 7 ambalo halikosekani katika jiko la Kigujarati, likitazamwa kutoka juu kana kwamba mpishi ameinama kuchota. Kuna manjano, uzile, haradali, giligilani, uwatu na pilipili ya unga. Kibakuli cha saba walikuwa wamekijaza mvuje, mshirika wangu akawaeleza kwamba mvuje hufungiwa kando, la sivyo harufu yake ingevivamia viungo vyote, nao wakaufuta na kuweka karafuu. Ukisogea karibu utaona kila punje ya haradali ina nukta yake ya mwanga, na kijiko kimepakwa doa la manjano ukingoni, kama kilivyo chetu.

Pembezoni wameiga lippan, mapambo ya udongo na vioo ambayo wanawake wa Kutch huyafinyanga kwenye kuta za bhunga, nyumba zao za duara. Kule udongo huchanganywa na samadi. Hapa walitumia plasta nyeupe, wakabandika vioo vidogo kimoja kimoja, na jioni taa zikiwashwa mwanga hutawanyika hadi darini. Baina ya vioo ipo nakshi ambayo Wagujarati huiona kuwa ni embe. Wateja wetu huiita korosho, kama kwenye kanga, na hilo hunifurahisha kila ninapolisikia.

Dosari iliyoniuma ni ya maandalizi. Sehemu ya chini ya ukuta imepakana na sinki la kuoshea vyombo, na jiwe la matumbawe hunywa maji na kuhifadhi chumvi. Wao walikwangua chokaa ya zamani, wakapaka rangi ya plastiki kabla ukuta haujakauka. Baada ya wiki 6 rangi ilivimba, chumvi ikajitokeza nyeupe, na mpini wa kijiko ukaanza kubanduka. Nilipiga simu mara 3 nikipewa ahadi tu. Hatimaye walikuja, wakabandua hadi kwenye jiwe, wakauacha ukuta ukauke wiki 3, wakapiga lipu ya chokaa inayopitisha unyevu na kuchora upya bila kudai hata senti. Mpaka leo haujavimba tena. Kazi ya awali pia ilichukua siku 13 badala ya 8 tulizoahidiwa, na tulilazimika kufunga jioni 2.

Nimewapa nyota 4 kati ya 5. Atakayewaita awalishe chakula chake kabla hawajashika penseli, na kama nyumba yake ni ya mawe ya kale, waandikishane kwamba ukuta utakaushwa kwanza na malipo ya mwisho yatasubiri mvua za masika zipite.