Rivyu ya sarafu zetu za wanyama: picha waziache, umbo ndo walibadilishe

Mi nauza kahawa tungu na kashata hapa Mombasa, alfajiri watu wakitoka msikitini na tena jioni baada ya magharibi, na kikombe ni kumi. Kwa hivyo sarafu ndo pesa yangu hasa, noti nazipata chache, na hao wenye M-Pesa wapo lakini nani atakaa kutuma shilingi kumi na foleni ya vikombe inangoja? Nasema hivi ili mjue rivyu hii siandiki kama wale wanaokusanya sarafu za kuweka kwa albamu, naandika kama mtu anayezishika gizani, mkono mmoja uko kwa dele la kahawa mwingine unahesabu chenji. Na kila mara mjadala wa pesa ukianza watu wanabishana picha tu, nani awekwe nani atolewe, mi naona nusu ya jambo lenyewe haiguswi kabisa.

Tuanze na picha basi. Sarafu hizi zilizinduliwa tarehe 11 Desemba 2018 Nairobi, rais akiwa Uhuru Kenyatta na gavana wa Benki Kuu akiwa Patrick Njoroge. Shilingi moja ikapata twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu, na upande wa pili zote ni nembo ya taifa. Haikuwa mtu kaamka tu akaamua wanyama ni wazuri, Katiba ya 2010 kifungu cha 231 inasema wazi noti na sarafu ziwe na picha za kuonyesha Kenya au kitu cha Kenya lakini sura ya mtu yeyote hapana, sema ndo utekelezaji ulichukua miaka minane. Kwa picha mi nawapa tano kwa tano na sipunguzi hata nusu.

Manake sisi tuliozishika zile za zamani tunajua ilivyokuwa. Tangu 1966 ni Mzee Kenyatta, kuanzia 1980 ni Moi, 2003 ikatoka ile ya shilingi 40 ya kusherehekea miaka 40 ya uhuru ikiwa na Kibaki, halafu 2005 Mzee karudi tena. Yaani kila utawala sarafu inakuwa ni bango la mtu. Wewe unauza kahawa, unataka pesa ya kumi iwe ya kumi, lakini mteja akiwa hampendi fulani anaanza siasa kwa sababu ya sura iliyo kwa chenji, barazani hapa nimesikia ugomvi wa hivo zaidi ya nnavyoweza kusimulia. Simba hana kabila wala chama. Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia sarafu akasema huyu twiga simtaki.

Na simba mwenyewe si mgeni hapa jamani. Kuna mzee mmoja mteja wangu ana shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ya wakati wa King George, ina simba amesimama na milima nyuma yake, ameiweka kwenye mkebe wa tumbaku na akikuonyesha anakushikisha kwa vidole viwili tu. Ile ilikuwa inatumika Kenya, Uganda na Tanganyika wakati pesa ni moja. Kwa hivo wale wanaosema wanyama ni mambo ya watalii wangalie nyuma kidogo, simba alikuwa kwa shilingi kabla ya marais wote, tofauti ni kwamba wakati ule upande wa pili ulikuwa wa mfalme wa wenyewe na sasa ni nembo yetu.

Jambo lingine walilofanya vizuri ni namna walivyozileta. Hawakusema leteni zote za zamani kabla ya tarehe fulani, waliziacha zitembee pamoja mpaka leo. Linganisha na noti ya elfu mwaka 2019, noti mpya zikaingia Juni na ya zamani ikawekewa mwisho 30 Septemba, watu wakakimbizana, wenye maduka wakaanza kuzikataa hata kabla ya siku kufika, na juu yake kukawa na kesi mahakamani kwa sababu ya ile sanamu ya Mzee Kenyatta iliyoonekana kwenye picha ya KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, kwamba hiyo nayo si sura ya mtu? Sarafu hazikupita huko. Ziliingia polepole tu, siku moja ukaona ndovu kwenye mkebe, kesho yake kifaru, watoto ndo waliozichangamkia wa kwanza. Wakija kununua kashata hawasemi tena nipe chenji yangu, wanasema nirudishie kifaru.

Sasa tuje kwa umbo, na hapa ndo nina maneno.

Chukueni shilingi moja na shilingi tano muweke kwenye kiganja. Moja ina upana wa karibu milimita 24. Tano ina milimita 19 na nusu. Yaani ile ndogo ya thamani ndo kubwa ya mwili, kwa tofauti kubwa kabisa ya kuonekana. Haya, sasa chukua moja na kumi. Kumi ina milimita 23 na uzito kama gramu 5, moja ina kama gramu 5 na nusu. Ukifumba macho hizo mbili ni ndugu, ukizirusha mkononi huwezi kusema ipi ni ipi, na moja ni ya kutupa na nyingine ni kikombe kizima cha kahawa! Ishirini peke yake ndo haina shida, ni kubwa na nzito, mkono unaijua.

Na hili halikuletwa na wanyama, vipimo ni vilevile vya sarafu za Mzee, walibadilisha picha wakaacha mwili kama ulivyo. Hapo ndo ninapolaumu. Nafasi ya kubadilisha sarafu za nchi haiji kila mwaka, ilikuja, na wakaitumia kwa macho tu.

Mtu atasema kumi ina rangi mbili na moja ni nyeupe tupu, ni kweli, mchana hakuna shida. Lakini njoo alfajiri, taa ya mtaa imezimika, moshi wa mkaa unakuingia machoni, mteja anakutia sarafu mkononi huku anaongea na mwenzake, hapo rangi iko wapi? Siku nyingine nageuza mkono kuelekea kwa jiko ili moto unipe mwanga, na nawajua makanga wanaofanya hivohivo kwa taa ya ndani ya matatu. Tena sarafu ikishakaa miaka rangi inafifia, njano inakuwa kahawia na nyeupe inakuwa kijivu, zinakutana katikati.

Aliyenifunza hasa tatizo hili ni mzee mmoja asiyeona ambaye hunywa kahawa kwangu karibu kila jioni. Anavyotofautisha ya kumi na ya moja ni hivi: anaweka ukucha wa kidole gumba katikati ya sarafu halafu anauvuta taratibu kwenda nje, na ikiwa ni kumi ukucha unakwama kidogo pale duara la ndani linapoungana na la nje. Ikiwa ni moja unateleza tu mpaka ukingoni. Kwa sarafu mpya anapata haraka, lakini ile iliyokwishasagika kiungo kimelainika hata yeye anairudia mara mbili tatu. Wakati wa uzinduzi Benki Kuu walisema sarafu hizi zitawasaidia wasioona, na naamini nia ilikuwepo, ila mzee wangu bado anatumia ukucha, na foleni nyuma yake inaguna. Mtu mzima hafai kuhesabu pesa yake namna hiyo.

Na dawa yake tulikuwa nayo hapahapa nyumbani! Mwaka 1985 Kenya ilitoa shilingi tano ya pembe saba. Nani aliyewahi kuikosea ile? Unatia mkono mfukoni kati ya funguo na tasbihi na vocha za zamani, ukigusa pembe tu unajua hii tano. Baadaye tukaletewa ya duara ya rangi mbili, inapendeza sikatai, lakini kidole kilipoteza. Waingereza nao walipobadilisha pauni yao mwaka 2017 waliifanya ya pembe kumi na mbili, sababu kubwa ilikuwa pesa feki zimejaa, na umbo ni sehemu ya kinga yenyewe. Kisha mwaka 2023 baada ya Mfalme Charles kuingia wakaleta seti mpya ya wanyama na mimea, samaki, nyuki, ndege wa baharini, na tarakimu wakaziweka kubwa makusudi ili hata watoto wazisome. Jamaa aliyekuja likizo kutoka huko alinimwagia chache juu ya meza, nikafumba macho nikazipanga kwa kugusa tu, ya pauni na ya peni hamsini huwezi kuzichanganya na kitu kingine chochote.

Majirani zetu Tanzania nao nawapa alama zao kwa sababu nikivuka Horohoro kwenda Tanga nazishika. Wao wameweka vyote, mtu upande mmoja mnyama upande wa pili, mia ina Nyerere na swala wanakimbia, mia mbili ina Karume na simba wawili, na mia tano iliyotoka 2014 ina Karume na nyati. Hiyo mia tano ndo naipenda zaidi kwa sababu ilikuja kwa hoja ya kazi, noti ya mia tano ilikuwa inapita mikono mingi mpaka inachakaa upesi, inakuwa kitambaa, wakaona hii ibadilike iwe chuma. Hapo umeangalia nani anatumia pesa na anaitumiaje, ndo ukaamua. Kuhusu sura za watu, wao katiba yao haiwakatazi na waasisi wao wanawaheshimu, sina neno.

Kitu kingine kuhusu za kwetu ni malighafi. Shilingi moja ni chuma kilichopakwa nikeli, weka sumaku utaona inaruka. Zile za njano za Moi za miaka ya tisini nazo zilikuwa chuma ndani, na sisi wa pwani tunajua chumvi inafanya nini kwa chuma, nazipata mpaka leo zimebanduka ngozi pembeni na kutu imekula, nyingine sura hata haionekani. Hizi za twiga mpaka sasa naona zinavumilia, hata zile za wavuvi zinazokuja zikinuka samaki na bado zina majimaji ya bahari. Hapo nawapa nne kwa tano, ile moja naiweka mpaka nione miaka mingine.

Halafu, na hili nalisema kwa moyo wote kama mtu wa pwani, wanyama wote wanne ni wa mbugani. Bahari haipo. Tanzania mwaka 1966 waliweka samaki sulisuli kwenye senti tano yao, sarafu ndogo kabisa lakini mtoto wa Bagamoyo akiishika anaona kitu cha kwao. Sisi tuna kasa, tuna jahazi, tuna sulisuli huyohuyo anavuliwa Malindi na Watamu. Sitaki waondoe simba wala ndovu, hao wameshazoeleka na wabaki, ila siku wakileta sarafu ya thamani nyingine, tuseme ya hamsini badala ya noti inayochanika ovyo, hapo pwani ipewe nafasi. Na hiyo hamsini wakiileta, tafadhali iwe na pembe.

Kuna wanaosema shilingi moja ifutwe kabisa, haina kazi. Mi sikubali. Ukiifuta moja bei zote zinapanda mpaka tano inayofuata, hazishuki hata siku moja. Tayari kuna supamaketi nimewahi kupewa peremende badala ya chenji, ati hawana sarafu, na ukienda kesho na peremende zilezile kulipa maziwa hawazichukui. Moja ibaki, twiga abaki, lakini wamfinyie mwili, iwe ndogo kuliko tano au iwe na tundu katikati kama zile senti za zamani za Afrika Mashariki ambazo watu walikuwa wanazitunga kwa uzi. Hiyo tu ingemaliza shida ya moja na kumi, na mzee wangu angepumzisha ukucha.

Kwa hivo alama zangu: picha 5/5, namna zilivyoingia 5/5, malighafi 4/5, umbo 2/5, na hizo mbili ni za ishirini.

La mwisho kwa wenzangu wa biashara ndogo, naona wengine mmeanza kukataa sarafu za Moi na za Mzee mkisema zimepitwa. Hazijapitwa, bado ni pesa halali kama hizi za wanyama, mnawanyima watu haki yao bure. Akija mtu nayo mpokeeni, na kama hamzitaki nileteeni mimi jioni, nitazibadilisha na za simba.