Kupindua bodi ya gari la zamani: kifaa gani ununue, kipi uachane nacho

Aliyewahi kuchomelea sakafu ya gari akiwa amelala chali, cheche zikimwingia kwenye kola ya ovaroli na kutu ikimjaa machoni, hahitaji kushawishiwa kwamba gari lipinduliwe. Swali ni kwa kifaa gani. Kabla hujatoa senti, ingia chini uangalie jambo moja: bodi na chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) ya gari lako ni vitu viwili, au ni kitu kimoja?

Mwenye Land Rover ya Series au Volkswagen Kobe asinunue chochote. Land Rover ina fremu yake ya chuma iliyobeba bodi ya aluminiamu, na sakafu ya Kobe imeshikana na bodi kwa bolti tu. Fungua, nyanyua bodi uiweke kando juu ya matairi chakavu, toa injini na ekseli, kisha ita vijana wanne mgeuze kilichobaki kama mnavyogeuza kitanda. Pesa uliyookoa nunua rangi nzuri ya kuzuia kutu.

Mwongozo huu ni wa wenye magari ambayo bodi ndiyo chesisi yenyewe: Datsun za sedani, Mini, Mercedes W123, Peugeot 504. Mfano wangu utakuwa 504 sedani, kwa sababu ndiyo niliyohangaika nayo. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na ndugu yake 504 kupe ya milango miwili ikashinda 1978, lakini ikikaa Pwani miaka mingi chumvi huanza kuila kwenye vizingiti, ule ukingo wa chini ya milango unaoukanyaga unapopanda.

Namba moja: mshikaki

Wazungu wameupa mtambo huu jina la mashine ya kuzungushia kuku motoni. Kwetu mshikaki unatosha. Ni stendi mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na bomba linalozunguka ndani ya bomba jingine. Mikono yake unaifunga pale bampa zilipokuwa zimefungwa, na bodi tupu, bila injini wala ekseli, inageuka utakavyo. Unachomelea umekaa kwenye kigoda, na chuma kilichoyeyuka kinatulia kwenye kiungo badala ya kukudondokea.

Wauzaji watakusifia rangi na tani unazoweza kubeba. Wewe uliza jambo moja: je, mikono inayoshika bodi inaweza kupandishwa na kushushwa kutoka kwenye bomba la kuzungukia? Uzito wa bodi lazima ukae kwenye mstari wa bomba hilo. Ukikaa juu yake, bodi inajipindua mara tu unapochomoa pini. Ukikaa chini sana, mtasukuma watu watatu na haitageuka. Niliwahi kuazima mshikaki ambao mikono yake ilikuwa imechomelewa moja kwa moja. Nikachomoa pini nikiwa peke yangu, na 504 ikajigeuza tumbo juu, ikabembea mara mbili tatu kama mlango wa zizi, ukingo wa paa ukabeba debe la thina lililokuwa karibu. Bodi iliyosawazishwa vizuri unaisukuma kwa mkono mmoja, nayo inabaki pale ulipoiachia.

Baada ya hapo angalia pini ya kufungia: ipite kwenye sahani yenye matundu mengi, isiwe bolti ya kubana tu. Jeki ya haidroliki ni ya kuinulia. Ikishainua, uzito ubebwe na pini ya chuma, maana jeki huvuja usiku. Magurudumu madogo yawe na breki, na stendi mbili ziunganishwe kwa bomba refu chini zisije zikaachana.

Na pima gereji. 504 ina urefu wa karibu mita 4.5 na upana wa karibu 1.7, kwa hiyo inapozunguka kona zake hufika mita moja na kidogo kutoka katikati. Bomba la kuzungukia likae kama mita 1.2 kutoka chini, na juu uwe na angalau mita 2.4 bila taa wala boriti. Kwa urefu, hesabu mita sita na zaidi.

Ununue tayari au utengenezewe? Mimi ningetengenezewa. Mchomeleaji mzuri wa Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, hashindwi na kazi hii, mradi umpelekee mchoro wenye vipimo na usimwachie abanie unene wa bomba. Mkichanga marafiki watatu ni bora zaidi: mtambo huu kila mtu anauhitaji miezi michache, kisha unageuka kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Namba mbili: mtambo wa kulaza ubavu

Huu unashika gari upande mmoja na kulilaza ubavuni. Ni wa bei nafuu, hauli nafasi, na kwa kiraka cha sakafu au bomba la breki unatosha kabisa. Ila toa betri na umwage mafuta yote kwanza, tenki hasa. Tatizo lake ni kwamba mingine hubebea pale pale kwenye vizingiti. Kama vizingiti vyako ni biskuti, usiuguse.

Namba tatu: pete za chuma

Pete mbili kubwa zinazofungwa kwenye bodi, kisha unaibingirisha. Bei ni ya chini, lakini inasimama pale inapotaka yenyewe, na utashinda ukitafuta kabari.

Kuipindua juu ya matairi na magodoro kwa nguvu za marafiki wa Jumapili ni bure. Kwa Mini nakubali. Kwa 504 paa litabonyea.

Kabla ya kuning'iniza

Mshikaki haunyooshi bodi. Unaishika ncha mbili tu, na bodi iliyooza katikati italegea kama chandarua. Kwanza, gari likiwa limekaa sawa chini, chomelea vyuma vya muda ndani ya nafasi za milango, ndipo utengeneze vizingiti. Kisha chukua futi kamba, pima kila nafasi pembe hadi pembe, na uandike namba kwa chaki ukutani. Pima tena bodi ikiwa juu. Namba zikisogea hata milimita tatu, weka grenda chini uishushe.