Uzoefu wangu na PostgreSQL katika mtandao wa ofisi ndogo

Kwa muda mrefu hifadhidata ya wateja na ankara ya ofisi yetu ilikuwa faili moja lililokaa kwenye folda ya pamoja, na kila mtu alilifungua kutoka kwenye kompyuta yake. Udhaifu wa mpangilio huo ni kwamba seva hutunza faili tu bila kuelewa kilichomo. Kazi ya kutafuta hufanywa na kompyuta ya mtumiaji, nayo haiwezi kutafuta mpaka kurasa za faharasa (orodha iliyopangwa inayoonyesha kila rekodi ilipo) na za data zivutwe kwanza kupitia mtandao. Ikikosekana faharasa inayofaa, anayetafuta ankara moja hulazimika kuvuta jedwali zima. Wanaotumia Wi-Fi ndio walioumia zaidi, kwa sababu safari za kwenda na kurudi ni nyingi na kila moja ina kungoja kwake.

Ndiyo maana, kabla ya kufikiria kununua swichi mpya ya mtandao, tulihamia PostgreSQL, programu huria ya kuendesha hifadhidata kwenye seva, isiyo na ada ya leseni, ambayo asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hapa seva yenyewe ndiyo inayotafuta, na kinachopita kwenye kebo ni ombi fupi na jibu lake. Maulizo mengi ya kila siku yalipata nafuu kubwa kwa badiliko hilo peke yake.

Hata hivyo, ripoti ya ankara za mwezi iliendelea kuchelewa, na ni katika kuichunguza ndipo nilipoithamini programu hii kwa dhati. Niliweka maneno EXPLAIN ANALYZE mbele ya ulizo, yaani amri ya kutafuta data, linaloitoa ripoti hiyo. Programu ikaliendesha kweli, kisha ikaonyesha hatua zote ilizopita na muda uliotumika katika kila hatua. Mstari uliobeba karibu muda wote uliandikwa Seq Scan, maana yake jedwali lilikuwa linasomwa lote, ingawa safu ya tarehe ilikuwa na faharasa. Chanzo kilikuwa jinsi ulizo lilivyoandikwa: lilichomoa mwezi kutoka katika kila tarehe ndipo lilinganishe, ilhali faharasa ya kawaida imepangwa kwa tarehe kamili, si kwa tokeo la hesabu hiyo. Tuliliandika upya lidai tarehe zote kuanzia siku ya kwanza ya mwezi hadi kabla ya siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Mstari ule ukageuka kuwa Index Scan, yaani kutafuta kwa faharasa, na ripoti ikaanza kufunguka mara tu inapoombwa. Sijawahi kutumia kifaa kinachomweleza mtumiaji ukweli wa kazi yake waziwazi namna hii.

Anayehamia ajue mapema kwamba PostgreSQL hujiundia faharasa kwa ufunguo wa msingi (safu inayotambulisha kila rekodi) na kwa safu zenye sharti la upekee, yaani zisizoruhusu thamani kujirudia, lakini haiundi kwa ufunguo wa kigeni (safu inayoelekeza kwenye rekodi ya jedwali jingine). Majedwali yetu ya ankara na ya bidhaa zilizomo yaliunganishwa kwa ufunguo wa aina hiyo, hivyo faharasa moja tuliyoiongeza ilisaidia maulizo mengi kwa pamoja. Isiwe sababu ya kuweka faharasa kila mahali, kwani kila moja huongeza kazi wakati wa kuandika rekodi mpya.

Mipangilio ya awali ni ya tahadhari mno: shared_buffers, kiasi cha kumbukumbu ambacho programu hujitengea kwa kushikilia data, huanza na MB 128, wakati nyaraka rasmi zinapendekeza kuanzia asilimia 25 ya RAM (kumbukumbu ya kompyuta) kwa seva iliyotengewa kazi hiyo. Vilevile random_page_cost, makadirio ya gharama ya kusoma ukurasa wa data ulio popote kwenye diski, ni 4, thamani inayoyafaa zaidi maumbile ya diski zinazozunguka. Kwa SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, tuliishusha.

Gharama halisi ya programu hii ni uangalizi. Ofisi inahitaji mtu anayejua kutoa ruhusa za watumiaji, na nakala rudufu haipatikani tena kwa kunakili faili wakati seva inafanya kazi. Sisi tunatumia pg_dump, programu ya kutoa nakala inayokuja na PostgreSQL, ambayo huhifadhi data yote kama ilivyokuwa ilipoanza kunakili, hata kama watu wanaendelea kuingiza ankara, kisha tunairejesha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba inafunguka.